Glasi Tano za Kipanga

Nairobi, 14 Januari 2024

Mjomba wangu Maweu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mama Kasyoki. Mwambie tangu mama yangu aliponifia nikaletwa kwenu sijang'oka meno ya utotoni, sijawahi kumwita mkaza mjomba, na sitaanza leo. Mimi ni mzima. Nairobi ni vumbi na jua. Nimehama kule kwa zamani, sasa nina chumba chenye madirisha mawili na jirani asiyepiga kelele. Wenzangu ofisini wananishangaa, mtu wa leo anaandika barua! Nawaambia mjomba wangu alianza kuniandikia nilipokuwa shule ya bweni, na simu yake huitumia kutazama saa tu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Kiwanda chetu kinatoa bia mpya, laga ya bei ya chini, inaitwa Kipanga. Mwezi ujao tutafanya hafla Diani, katika hoteli ya ufukweni, na tunatafuta mtu wa huko anayeijua bia aje aonje na ahukumu mbele ya wageni. Nilimweleza mkuu wangu wa masoko, Bwana Thoya, kwamba mjomba wangu amesimama kaunta za Diani miaka ishirini, na wazungu walikuwa wakimfunga macho kwa kitambaa, wakampa glasi, naye akataja jina la bia bila kukosea. Thoya aliacha kula akanisikiliza. Akasema, "Huyo huyo. Nataka huyo."

Najua umeacha pombe. Najua alivyokwambia daktari wa Msambweni kuhusu ini. Lakini kuonja si kunywa, mjomba. Ni funda moja kwa kila glasi. Na kanisani hakuna atakayejua, ni hafla ya ndani.

Nisaidie. Mwaka huu ama nipande cheo ama niondoke.

Mwanao,
Winrose

*

Shimba Hills, 29 Januari 2024

Mwanangu Winrose,

Marahaba, na Mungu akuweke. Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembeni lakini maneno yalisomeka. Huku tuko salama. Tembo walivunja ua wa jirani yetu Boga usiku wa Jumapili wakala migomba yake yote, wakaiacha yangu. Boga anasema hata tembo wana dini, wamewaonea Waislamu. Mkewe Mwanatumu amekutumia salamu, na anauliza utaolewa lini au wasubiri kiama. Mama Kasyoki goti linamsumbua akipanda kilima.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye bia, aliweka chini ungo akaniambia, "Mume wangu, mtu aliyetolewa kisimani hatumwi kwenda kupima kina."

Nikamwambia, "Ni mtoto wetu anayeomba."

Akasema, "Ndiyo maana nakwambia hapana. Angekuwa mtu baki ningejua utakataa mwenyewe."

Akauokota ungo akaendelea kupepeta. Lakini Winrose, nikuambie ukweli. Hapa mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa machungwa, na watu wananiheshimu kwa yote mawili. Hata hivyo hakuna anayeniuliza tena jambo ambalo mimi tu ndiye ninayelijua. Niliposoma kwamba mkuu wako aliacha kula, niliisoma sentensi hiyo tena na tena.

Nitakuja. Mwambie Bwana Thoya glasi zioshwe kwa maji matupu, zisifutwe kwa kitambaa chenye sabuni. Sabuni huua povu.

Mjomba wako,
Maweu

*

Shimba Hills, 19 Februari 2024

Mwanangu Winrose,

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti la mama Kasyoki limepata nafuu, ingawa ananijibu kwa "mm" na "aa" tangu nirudi. Machungwa yameanza kuiva upande wa bondeni.

Nilitaka kukuandikia usiku uleule, lakini nilitaka kwanza furaha itulie mwandiko usiruke. Mwanangu, ile siku! Miaka sita sijaingia hoteli ya Diani kwa mlango wa mbele. Hata nilipofanya kazi sikuwahi kuingia kwa mlango wa mbele. Wewe ulikuwa nyuma ya wapiga picha, sikukuona vizuri, kwa hiyo acha nikusimulie nilivyoona kutoka kwenye kiti.

Bwana Thoya alinishika mkono akanitangaza kwa kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, hakimu wetu!" Kisha ile glasi ya kwanza ikafika na nikaipandisha kwenye mwanga, na mwili ukakumbuka kazi yake. Niliwaambia hii ni ya Ujerumani, shayiri tupu, uchungu wake haukimbilii mbele, unakaa nyuma ya ulimi kama mgeni mwenye adabu. Wakapiga makofi. Ya pili nikasema ni ya chupa ya kijani, imepigwa na jua. Ya tatu ni hizi nyepesi wanazopenda wanawake wa Kiitaliano. Ya nne ilikuwa nzuri sana, nikasema hii imelala pipani kwa muda wake. Ya tano nikaitema jina kabla sijaimeza: "Hii ndiyo yenu ya bei ya chini. Mahindi na bati. Atakayeinywa leo, kesho ataomba msamaha."

Hema zima la pale ufukweni lilicheka! Thoya mwenyewe alicheka akijipiga mapaja. Nikasema moyoni, huyu mtu muungwana, anachekea bia yake mwenyewe. Hata lako nadhani nililisikia, lile cheko lako linalopanda kama la marehemu mama yako.

Ya nne niliimaliza yote. Usimwambie mama Kasyoki.

Je, wamekupandisha cheo? Niandikie upesi.

Mjomba wako,
Maweu

*

Nairobi, 2 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi mno. Nimepandishwa. Asante.

Wakubwa walifurahi sana na wewe. Picha bado zinatengenezwa. Huko kwenu mtandao haufiki vizuri, kwa hiyo usijisumbue kutafuta chochote, nitakueleza mwenyewe nikija.

Pumzika, mjomba, na usiguse tena pombe. Msalimie mama.

Winrose

*

Shimba Hills, 8 Aprili 2024

Winrose,

Salamu. Mama Kasyoki hajambo. Boga amejenga ua upya.

Juzi niliteremka Ukunda kununua dawa ya kupulizia michungwa. Unamjua Esha wa duka la pembejeo, yule mama mpole anayenisemesha kila nikipita. Nilipoingia alinitazama, akaziba mdomo kwa mtandio. Nikamuuliza, "Esha, nina nini?" Akasema, "Mzee Maweu, huna kitu." Lakini mteja aliyekuwa pale akasema kwa sauti, "Si ndiye huyu! Hakimu wa glasi tano!"

Esha hakutaka kunionyesha. Nilimwomba. Akatoa simu yake akaiweka juu ya gunia la mbegu, na nikajiona nimekaa kwenye kile kiti, nimevaa lile shati jeupe alilolipiga pasi mama Kasyoki huku amenuna. Nikajisikia nikisema habari za Ujerumani. Nikajisikia nikisema mgeni mwenye adabu. Kisha maandishi makubwa yakaja juu ya uso wangu: ZOTE TANO NI KIPANGA. Na Thoya anasema, "Kama mtaalamu wa miaka ishirini hawezi kujua, wewe unalipia nini zaidi?"

Chupa moja, Winrose. Mlinimiminia chupa moja.

Jumapili wazee wa kanisa waliniita. Nao walikuwa wameiona, kwa sababu hakuna mtu ambaye hajaiona. Hawakunikemea. Mmoja alikuwa akijiuma midomo asicheke. Waliniomba nipumzike uzee kwa muda.

Ninalo swali moja. Kwenye ile picha, ninaposema "mahindi na bati", kuna mwanamke anasikika akicheka kuliko wote, karibu na kamera. Ni nani?

Maweu

*

Nairobi, 30 Mei 2024

Mjomba Maweu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Natumai mama ni mzima.

Sikuijua ile shughuli kwa ukamilifu wake. Niliambiwa kutakuwa na mzaha kidogo. Matangazo ndivyo yalivyo, mjomba, si wewe peke yako, wameshafanyiwa wapishi, wameshafanyiwa mabwana wa redio. Watu walicheka wiki moja, wakahamia kwa mwingine. Nchi nzima imekwisha kusahau. Ni wewe tu na Ukunda yako mnaokumbuka.

Na kwa kuwa umeniandikia kwa ukali, nami nitakujibu hivyohivyo. Nimekulia kwenye ile hadithi ya kitambaa na wazungu. Uliisimulia kila Krismasi, na mama Kasyoki akinyamaza, na mimi nikiwaeleza wenzangu shuleni kwa fahari. Niliiamini. Nilimpelekea Thoya nikiiamini. Alipokuja na wazo la chupa moja, sehemu ya moyo wangu ilisema mjomba atawaumbua, ataonja ya pili aseme "mnanichezea." Nilikusubiri useme. Glasi ya pili, ya tatu, ya nne.

Hatukukuwekea maneno mdomoni. Yale yote uliyasema wewe.

Swali lako la kicheko sioni maana yake. Hema lilikuwa na watu wengi.

Winrose

*

Shimba Hills, 17 Julai 2024

Winrose,

Hujambo. Mvua zimekuwa nzuri. Mama Kasyoki hayuko, amekwenda Tiwi kwa dada yake. Goti.

Si goti. Nitakueleza, maana hakuna mwingine wa kumweleza.

Baada ya barua yako nilikaa siku nyingi nikijiuliza jambo moja. Kwamba mlinicheka, hilo naweza kulibeba, mwanadamu huchekwa. Lakini mimi niliyaonja yale, Winrose. Sikuwa nabuni ili nipigiwe makofi. Ile ya nne ilikuwa tamu kuliko ya tatu. Ya tano ilikuwa na bati. Niliyasikia hayo ulimini kama ninavyosikia chumvi. Sasa, kama ulimi ulinidanganya pale, ulianza kunidanganya lini? Hata zile enzi za kitambaa?

Nikanunua Kipanga, na laga nyingine ya ghali ya hapo dukani. Nikamwomba mama Kasyoki animiminie jikoni bila mimi kuona. Mwanzo alikubali kwa huruma. Nilikosea. Nikasema, leo nina mafua. Kesho yake nikakosea. Nikasema, tuipoze zaidi. Akamimina jioni baada ya jioni, akisema tu, "Umekosa, baba," "Umekosa tena," na mimi namwambia mimina. Siku moja alikuja na glasi mbili, nikaonja, nikaona tofauti wazi kabisa, mchana na usiku! Nikaruka. Akakaa chini akalia. Alikuwa amemimina Kipanga zote mbili, akitumaini nitaona ni moja, niridhike, niache.

Nilimtukana. Sitayarudia niliyoyasema. Asubuhi alifunga khanga zake akaondoka, na hakunitazama.

Sasa namimina mwenyewe.

Mama yako alikuwa na cheko kama lako, lakini yeye alicheka pamoja na mtu. Sijakuuliza watu walikuwa wangapi hemani. Nimekuuliza nani alicheka.

Maweu

*

Nairobi, 2 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeongea na mama Kasyoki kwa simu, yuko salama Tiwi, amenenepa kidogo. Nimempa pole, nawe nakupa pole.

Nina habari, na najua haitakupendeza kwa namna itakavyokuja. Nimechumbiwa. Mchumba wangu ni Thoya. Si kama unavyofikiri. Tulianza baada ya hafla, si kabla. Ni mtu mwema akiwa nje ya kazi. Wazee wake watatoka Kilifi tarehe 12 Oktoba kuja kuleta posa, na kwa mila lazima waje nyumbani nilikolelewa, yaani kwako.

Mama Kasyoki amekubali kurudi siku hiyo kupika. Mjomba Muange, ndugu yako, atatoka Makindu kupokea wageni.

Mjomba, nitasema bila kuzunguka. Jamaa za Thoya wote wameiona ile picha. Watoto wao wanaigiza. Ukikaa kwenye kiti cha mbele hawataniona mimi, watakuona wewe, na watacheka, na wewe kwa hali niliyosikia unayo sasa huenda ukawajibu. Naomba siku hiyo uwe mgonjwa. Ukae kwa Boga, ni ng'ambo ya ua tu. Muange atakaa kiti chako na kunibariki kwa niaba yako. Baadaye, mambo yakitulia, tutakuja mimi na Thoya kukusalimu faraghani.

Usinihukumu. Ni siku moja.

Winrose

*

Shimba Hills, 16 Septemba 2024

Winrose,

Hujambo. Nimeipata.

Nitakuwa mgonjwa.

Maweu

*

Nairobi, 21 Oktoba 2024

Mjomba Maweu,

Shikamoo. Sitakupa habari za huku. Nataka kuyaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, ili usije ukasema hukuwa na akili zako siku hiyo. Ulikuwa nazo. Nilikunusa. Hukuwa umegusa kitu.

Wazee wa Kilifi walikaa, wakala, wakamsifu mama kwa wali. Mjomba Muange aliongea vizuri. Kisha baba mdogo wa Thoya akauliza, "Huyu binti kalelewa na nani?" Muange akasema, aliyemlea ni mgonjwa. Yule mzee akasema, "Mgonjwa huombewa, hafichwi. Yuko wapi?" Ni Boga aliyeinua shingo juu ya ua akasema, "Yuko hapa kwangu, anakunywa chai."

Wakakufuata wenyewe. Ukaja umeshikwa mkono na wazee wawili, umevaa shati jeupe, umekonda, na tumbo limejitokeza. Nilimwona mama Kasyoki akigeuza uso ukutani. Hakuna aliyecheka, mjomba. Niliogopa bure. Hata Thoya hakucheka. Alitazama miguu yake.

Tukapiga magoti mbele yako mimi na yeye. Muange akafungua Kipanga kutoka kwenye kreti walizoleta wageni, akamimina kwenye kibuyu, akakupa. Unajua vema kinachofuata, umeshawafanyia watoto wa ukoo wote. Mlezi huchukua funda, huwatemea wanawe kifuani, husema "zaeni, mkae." Bila hilo hakuna ndoa kwetu.

Ulichukua funda. Ulinitazama machoni. Nilifumba macho, nikafungua vifungo viwili vya juu, nikasubiri lile baridi kifuani.

Ukameza.

Nilisikia koo lako. Ukanywa tena, na tena, mpaka kibuyu kikaisha, ukafuta midomo, ukamrudishia Muange, ukarudi kwa Boga. Mbele ya wazee wote!

Wale watu waliondoka na mbuzi wao. Mama mkwe amesema mwanawe haoi mwanamke aliyenyimwa mate na mlezi wake. Thoya anasema tungoje, lakini hanipigii simu kama zamani, na ofisini ananipitia kama kabati.

Nimekosa nini ambacho hakisameheki? Sawa. Ulitaka jibu, chukua. Nilikuwa mimi. Ni mimi niliyecheka karibu na kamera. Nilicheka kwa sababu kila mtu alinitazama kuona kama nitacheka. Umeridhika?

Niambie kwa nini ulimeza. Na niambie utarudia ile baraka, popote unapotaka, hata kwa siri, nitampeleka mama mkwe ashuhudie. Nakuomba. Nimepiga magoti tena ninapoandika haya.

Mwanao,
Winrose

*

Shimba Hills, 30 Novemba 2024

Mwanangu Winrose,

Marahaba. Natumai u mzima na kazi inaendelea. Huku tuko. Machungwa ya mwaka huu yamekuwa mengi hata matawi yanavunjika, na kwa kuwa sina nguvu ya kuyateremsha sokoni nimemwambia Boga achume anachotaka. Tembo hawajarudi. Mama Kasyoki bado yuko Tiwi, na nasikia anauza maandazi na watu wanayapenda. Mwanatumu huniletea uji asubuhi na jioni, hukaa mlangoni mpaka niumalize, kisha huondoka na bakuli. Ni mwanamke mwenye utu.

Mimi macho yamekuwa ya manjano na miguu imevimba. Daktari wa Msambweni, yule yule, alinibonyeza tumbo akauliza, "Mzee, tulikubaliana nini?" Amenipa vidonge na hakunipa tarehe ya kurudi.

Ndugu yako wa ukoo, mtoto wa Muange, amefaulu mtihani. Umpongeze ukimwona.

Nimelisoma jibu lako kuhusu kicheko. Asante kwa kulileta, ingawa nilikuwa nalijua tangu siku ile dukani kwa Esha. Nilitaka tu kuona litachukua muda gani, na litakugharimu nini kulisema.

Uliniuliza kwa nini nilimeza.

Nilikuwa na kiu.

Mjomba wako,
Maweu